Kubana mdomo wa ganda la risasi: "kidogo" ni kiasi gani?

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Njoro, nje kidogo ya Nakuru, na nina bastola ya milimita 9 ninayoimiliki kwa cheti. Kaka yangu ana makazi ya kudumu Marekani, jimbo la Ohio, na huko wapiga shabaha wengi hujijazia risasi nyumbani. Naye ameanza, kwa bastola ya milimita 9 kama yangu. Risasi zake za kwanza zilikataa kuingia sawasawa: slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, inabaki nyuma kidogo, haifungi mpaka aisukume kwa kiganja. Jirani yake, ambaye amejaza risasi za rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, miaka mingi, akamwambia mdomo wa ganda haujabanwa vya kutosha. Akakaza dai, kile kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye mashine kuliunda ganda. Sasa zinaingia, lakini juzi alikandamiza kichwa cha moja kwa kidole gumba kikadidimia ndani ya ganda. Akakaza tena, mambo yakazidi kuharibika. Kitabu chake kinasema 'bana kidogo' basi. Kidogo ni kiasi gani? Halafu Desemba anakuja nyumbani na anataka kuja na ile mashine tuwe tunajaza huku Njoro. Kuna shida?"*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, mpigie kaka yako simu umwambie zile risasi alizokaza asipige hata moja, na zile za kwanza asizisukume tena kwa kiganja. Aziweke kando kwenye kopo lililoandikwa kuwa ni mbovu, zisije zikachanganyika na nzima. Halafu rudi hapa tuzungumze taratibu, maana tatizo lake lina dawa, na dawa yenyewe si ngumu.

Nikikuelewa vizuri, kaka yako amenaswa katikati. Asipobana, risasi haiingii kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Akibana, kichwa kinalegea. Na kila anapoongeza nguvu ili kichwa kishike, ndivyo kinavyozidi kulegea, jambo ambalo kwake haliingii akilini. Kwa kweli vitu vyote vitatu vinatokana na sababu moja, na akishaielewa hatahitaji mtu wa kumwambia "kidogo" ni kiasi gani. Atakipima mwenyewe kwa vernia, kile kifaa cha kupimia upana chenye meno mawili.

Ili tusipotezane: nikisema risasi nina maana ya kitu kizima kinachoingia kwenye magazini. Ganda ni kile kikopo cha shaba ya manjano, kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, baruti iko katikati, na fataki ni ile inayogongwa na pini pale kitakoni.

Wengi wanaoanza huamini kwamba mdomo wa ganda hubanwa ili ushike kichwa. Kwa risasi ya milimita 9 hilo si kweli, na hapo ndipo kaka yako alipopotelea. Ganda lililokwisha kupigwa huwa limevimba kwa shinikizo la gesi. Dai la kwanza kwenye mashine hulirudisha kwenye unene wake, tena hulipunguza kupita hapo, hadi upana wake wa ndani unakuwa mdogo kuliko kichwa kitakachoingia. Kichwa kinaposukumwa ndani, ukuta wa ganda hutanuka kiasi na kukikumbatia pande zote, kwa urefu wote wa ile sehemu iliyozama. Shaba ina tabia ya kutaka kurudi ilikokuwa, na ule mvuto wake wa kurudi ndio unaokishika kichwa. Tazama jembe lako la shambani: mpini haushikwi na ukingo wa tundu, unashikwa na tundu zima lililoubana. Ukipiga nyundo ule ukingo hadi ukunjike, mpini hautakaza zaidi, na huenda ukapasuka.

Basi kwa nini mdomo unabanwa? Kwa sababu ya hatua iliyo katikati. Ganda likishapunguzwa, kichwa chenye kitako bapa hakiwezi kuingia bila kukwangua shaba au kuliponda ganda. Kwa hiyo dai la pili hupanua mdomo kidogo, kama upana wa unywele au mbili, ili kichwa kikae juu kikisubiri kusukumwa. Kichwa kikishaingia, ule mpanuko haujaenda popote. Ukipitisha kucha kutoka katikati ya ganda kuelekea mdomoni, utaihisi kucha ikikwama kwenye ukingo. Kazi ya kubana kwa bastola ya aina hii ni kuuondoa mpanuko huo, kuurudisha ukuta wa ganda uwe umenyooka ukigusana na kichwa. Ukishanyooka, kazi imekwisha.

Na kwa nini mpanuko mdogo hivyo unazuia slaidi kufunga? Risasi ya rivolva ina ukingo uliochomoza kitakoni, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame kwenye chemba. Risasi ya milimita 9, ambayo ilitoka kwa Georg Luger mwaka 1902, haina ukingo uliochomoza. Inaingia kwenye chemba hadi mdomo wa ganda ugonge kingo ndogo iliyochongwa mbele ya chemba, na hapo ndipo inaposimama. Mdomo ndio breki yake. Mdomo ukiwa mpana, risasi inakwama kabla ya kufika. Ndiyo ile slaidi inayobaki nyuma. Mdomo ukibanwa kupita kiasi, risasi inaweza kuipita ile kingo na kuzama kuliko inavyotakiwa. Hapo ama pini itaigonga fataki kwa udhaifu isiwake, au mdomo utajikaza kwenye sehemu nyembamba iliyo mbele ya chemba, kichwa kikose nafasi ya kutoka kwa urahisi na shinikizo lipande. Ndiyo maana nasema mdomo wa ganda hili hauna ruhusa ya kuwa mpana wala mwembamba.

Sasa kile kisichoingia akilini: kwa nini kukaza kunalegeza. Kichwa cha kawaida kina moyo wa madini ya risasi na koti jembamba la shaba nyekundu. Madini ya risasi ni laini. Ukiyaminya yanabaki yalivyominywa. Shaba ya ganda ina mnepo. Ukiiminya inarudi nyuma kidogo. Dai la kubana likiminya vyote viwili kwa pamoja na kisha kuachia, ganda linarudi nyuma, kichwa hakirudi. Kati yao kunabaki nafasi isiyoonekana kwa macho. Wakati huohuo, mdomo unaolazimishwa kuingia ndani huusukuma ukuta ulio chini yake utoke nje, uachane na kichwa. Kwa hiyo mtu amepata mkunjo mdogo pale mdomoni na amepoteza mshiko wa ukuta wote. Kaka yako alipokaza mara ya pili aliongeza hasara hiyohiyo.

Usilichukulie jambo hilo kwamba ni risasi mbovu tu ya kutupa. Kichwa kilicholegea, kila risasi inapochomoka kwenye magazini na kugonga njia ya kupandia kwenye chemba, kinasukumwa ndani kidogo. Kikizama, nafasi ya baruti inapungua, na baruti ikiwaka kwenye nafasi finyu shinikizo linapanda kwa kasi. Ganda la milimita 9 ni fupi, urefu wake hauzidi milimita 19.15, na nafasi iliyomo ni ndogo tangu mwanzo. Kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi vya Marekani, kwa risasi ya kawaida ya milimita 9 ni paundi 35,000 kwa inchi mraba. Kichwa kilichozama milimita moja au mbili kinaweza kuivusha mbali ya kiwango hicho risasi iliyojazwa kwa kipimo halali. Bastola hupasuka kwa sababu kama hizo, na mikono ya mtu huwa imeizunguka.

Jirani yake hakudanganya. Alimpa ushauri wa rivolva. Kwenye .38 Special ya mwaka 1898, au .357 Magnum iliyokuja mwaka 1935, mdomo hukunjwa kweli, ukingo wake ukaingia kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka kichwa. Huko kuna sababu. Rivolva ikipiga, teke lake huyavuta maganda yaliyobaki kwenye silinda kurudi nyuma, huku vichwa, kwa uzito wao, vikitaka kubaki vilipokuwa. Kichwa kisichokunjiwa mdomo kinachomoka taratibu kuelekea mbele, na kikitokeza nje ya silinda, silinda haizunguki tena. Na kwa kuwa risasi hiyo inasimamishwa na ukingo wa kitakoni, kukunja mdomo hakudhuru chochote. Kwa hiyo jirani anachokijua ni sahihi kwa silaha yake. Kaka yako amshukuru, asikifuate.

Tuje kwenye "kidogo". Sipendi neno hilo kwenye vitabu, maana kinachohitajika ni namba, na namba inatokana na vitu viwili anavyoweza kuvipima mezani pake. Apime upana wa kichwa kabla hakijaingia. Cha milimita 9 chenye koti huwa karibu milimita 9.02. Apime unene wa ukuta wa ganda pale mdomoni. Mara nyingi ni kama milimita 0.28. Kichwa kina ukuta upande huu na upande ule, kwa hiyo 9.02 ukiongeza 0.28 mara mbili unapata 9.58. Huo ndio upana wa mdomo ambao ukuta umenyooka ukigusa kichwa bila kukiminya. Kiwango cha juu cha SAAMI kwa mdomo huo ni milimita 9.65. Akiwa kati ya 9.58 na 9.63, mahali pale mdomoni kabisa, yuko salama kwa kichwa cha upana huo. Akiona 9.50 amekaza mno. Akiona 9.70 mpanuko bado upo. Vichwa vya madini ya risasi visivyo na koti kwa kawaida ni vinene zaidi kidogo, kwa hiyo hesabu airudie kwa kile alicho nacho, asichukue namba yangu kama msahafu.

Kupima mdomo kunataka utulivu. Meno ya vernia yana sehemu nyembamba kwenye ncha; atumie hiyo, aiguse milimita ya mwisho tu ya ganda, na aizungushe risasi apime mara tatu. Akishika chini kidogo atapima sehemu nene zaidi na atadhani bado hajabana.

Kuhusu mashine yenyewe. Madai mengi yanayouzwa kwa seti huwa na dai moja linalosukuma kichwa na kubana mdomo kwa pigo moja. Linafanya kazi mikononi mwa aliyezoea. Kwa anayeanza nashauri atenganishe: kwanza asukume vichwa vyote bila kubana chochote, halafu abane kwa zamu ya pili, au anunue dai la kubana peke yake, ambalo si ghali. Sababu ni kwamba kichwa bado kinashuka wakati mdomo umeanza kukibana, basi mdomo unakikwangua. Akiitazama risasi ya namna hiyo ataona kipete chembamba cha shaba nyekundu kimejikusanya juu ya mdomo wa ganda. Kipete hicho chenyewe kinatosha kuizuia risasi isiingie kwenye chemba. Na ahakikishe dai lake ni la kubana kwa mteremko, linalonyoosha, wala si lile la kukunja la rivolva. Yote mawili yana umbo moja kwa nje. Maandishi kwenye boksi au kwenye dai ndiyo yanayoyatofautisha.

Asiyaseti madai hayo kwa risasi yenye uhai. Hapa nakazia: achukue maganda matano, asiweke baruti wala fataki, aweke vichwa tu. Hizo ni risasi bubu, na ndizo za kujifunzia. Aziwekee alama nene ya maka, ile kalamu ya wino mzito, ili zisichanganyike na nyingine. Aliinue dai la kubana lisiguse, apandishe ganda hadi juu, kisha alishushe dai kwa mkono mpaka liguse mdomo. Kuanzia hapo ashuke kwa sehemu ya nane ya mzunguko, ashushe wenzo, apime. Nyuzi za madai haya ni 14 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja mzima unalishusha dai milimita 1.8, nadhani sasa unaona kwa nini mtu anayekaza "nusu duru tu" anaharibu kazi. Akifika kwenye namba yake, afunge nati, apime tena baada ya kufunga, maana nati yenyewe huweza kulisogeza dai.

Kisha aijaribu kwenye mtutu. Athibitishe kwa macho na kwa kidole kwamba bastola ni tupu, avue slaidi, atoe mtutu, ausimamishe chemba ikitazama juu. Aidondoshe ile risasi bubu ndani. Inayofaa huanguka yenyewe na kugonga kwa sauti fupi, kavu. Kitako chake hukaa usawa mmoja na risasi ya kiwandani ikiwekwa hapohapo. Ukiigusa kwa kidole inazunguka bila kukwaruza. Ukiupindua mtutu inatoka yenyewe. Ikihitaji kusukumwa kuingia au kugongwa kutoka, haifai, na slaidi isitumike kuilazimisha.

Hapa kuna jambo ambalo kaka yako hakulifikiria, na huenda ndilo lililomsumbua tangu mwanzo. Risasi inaweza kukataa kuingia kwa sababu nyingine ambazo kubana hakuzitibu. Kichwa kikiwa hakijasukumwa vya kutosha, pua yake inagonga mifereji ya mtutu kabla ya mdomo kufika kwenye kingo. Kichwa kikiingia upande, ganda linavimba ubavu mmoja, utauona uvimbe huo ukiizungusha risasi dirishani penye mwanga. Dai la kwanza likiwa juu mno, ganda linabaki nene karibu na kitako. Njia ya kuvitofautisha ni rahisi na inanipendeza kila ninapoifundisha: aipake risasi bubu wino wa maka mwili mzima, kuanzia puani hadi kitakoni, aache ukauke, aidondoshe kwenye mtutu, aizungushe kidogo, aitoe. Wino utakuwa umefutika pale panapogusa. Ukifutika kwenye mviringo wa pua, kichwa kimetokeza mno. Ukifutika kwenye ukingo wa mdomo pande zote, mpanuko bado upo. Ukifutika ubavu mmoja, kichwa kiko upande. Ukifutika chini karibu na kitako, arudi kwenye dai la kwanza. Jirani alitoa dawa kabla ya kipimo. Wino ndio kipimo.

Kama wino unaonyesha pua, urefu wa risasi nzima ndio wa kurekebishwa, na hapo afuate kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa kile hasa alichonunua. Kiwango cha juu cha risasi nzima ya milimita 9 ni milimita 29.69, lakini risasi zenye vichwa vya pua nene huhitaji kuwa fupi kuliko hapo, na mitutu nayo hutofautiana. Asifupishe kwa kubahatisha. Kila milimita anayoipunguza anailipa kwa shinikizo, kama nilivyoeleza.

Risasi ikishapita mtutuni, abaki na swali la mshiko. Apime urefu wa risasi bubu, auandike, kisha aikandamize pua yake kwenye ukingo wa meza ya mbao kwa nguvu ya mkono mmoja, apime tena. Urefu usibadilike. Halafu aziingize zote tano kwenye magazini, azipakie moja moja kwa kuachia slaidi iende kwa kasi yake, azitoe, apime tena. Zikibaki vilevile, mshiko upo, na umetoka kwenye ukuta. Zikifupika huku mdomo ukisoma namba sahihi, tatizo liko kwenye madai ya mwanzo: ama ganda halikupunguzwa vizuri, ama lilipanuliwa kwa kina kupita kiasi, ama kichwa ni chembamba. Kukaza mdomo hakutamrudishia mshiko huo. Hilo ndilo jibu la kidole gumba chake.

Kwa uhakika wa mwisho achomoe kichwa kimoja kwa nyundo maalumu ya kuchomolea vichwa na akitazame. Mstari hafifu kuzunguka kichwa, unaoonekana kwa mwanga lakini kucha haiukamati, ni sawa. Mfereji ambao kucha inaingia ni ishara kwamba amekaza. Kwa vichwa vilivyopakwa shaba nyembamba badala ya kuvishwa koti kamili, mfereji huo unaweza kupasua ngozi ya shaba, ikabanduka njiani, mtutu ukachafuka na shabaha ikatawanyika.

Zile za kwenye kopo azivunje zote kwa nyundo hiyo, moja baada ya nyingine, miwani ya kinga usoni. Baruti asiirudishe kwenye kopo la dukani kama ana shaka yoyote nayo. Vichwa vyenye mfereji avitupe. Maganda yanaweza kutumika tena yakipita dai la kwanza upya, ila kama fataki bado iko hai asiisukume nje. Aondoe ile pini inayotoa fataki kwenye dai kabla ya kulipitisha ganda. Najua inauma kuvunja kazi ya jioni nzima, lakini ni senti chache kwa ganda moja, na zile zilizokazwa hakuna mtu anayeweza kumthibitishia kwa macho ipi ni nzima.

Nimekaa sana kwenye mdomo wa ganda kwa kuwa ndilo swali lako, lakini ningemkosea kaka yako nisipomwambia kwamba kinachojeruhi wengi zaidi ni baruti: ganda lililojazwa mara mbili, au lisilojazwa kabisa. Kabla ya kuweka kichwa chochote amulike kwa tochi ndani ya kila ganda, alinganishe kimo. Baruti moja tu iwe mezani kwa wakati mmoja. Akiwa kwenye uwanja akasikia mlio mnyonge, asipige tena. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itakutana nacho. Simu, televisheni na bia zikae chumba kingine. Mikono inawe kabla ya kula, na watoto wasikaribie, kwa sababu vumbi la madini ya risasi halionekani na kwa mtoto ni sumu ya ubongo.

Lini aache kujisomea atafute mtu wa ana kwa ana? Ikiwa tayari amepiga baadhi ya zile zilizokazwa na akaona kitako cha ganda kimevimba, fataki imebapa au kutoboka, au teke limekuwa kali kuliko kawaida, bastola ile isiguswe tena mpaka fundi wa silaha aikague. Vilevile kama risasi yenye uhai imekwama kwenye chemba na slaidi haitoki: mdomo wa mtutu uelekezwe mahali salama, mkono usipige nyundo chochote, fundi aitwe. Na hata mambo yakienda vizuri, kuketi kwa siku moja na mtu anayejaza milimita 9, hapo mezani pake, kunamfaa kuliko barua yangu. NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, kina kozi ya kujaza risasi yenye wakufunzi wake, Ohio hatakosa.

Sasa Desemba. Mwanangu, mashine ibaki Ohio.

Marekani kujijazia risasi kwa matumizi yako ni jambo la kawaida. Baruti na fataki zinauzwa dukani. Kenya mazingira ni mengine kabisa. Cheti chako kinatolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kinakuruhusu kununua na kukaa na idadi ya risasi iliyoandikwa humo. Usikisome kama ruhusa ya kutengeneza. Baruti nayo inaguswa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, ambayo ni mlango mwingine na leseni nyingine. Ukikutwa Njoro na presi, yaani ile mashine, mezani, kopo la baruti na trei ya fataki, huwezi kumwambia ofisa kwamba ni burudani ya kaka yako. Utakuwa umehatarisha cheti chako, na pengine uhuru wako, kwa ajili ya kuokoa shilingi chache kwa kila risasi.

Kuna na safari yenyewe. Fataki na baruti hazipandi ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Chuma cha presi chenyewe ni chuma tu, lakini hakina kazi bila vitu hivyo viwili, na kitamletea maswali kwenye forodha ambayo ninyi wawili hamna karatasi ya kuyajibu. Hata trei ya risasi bubu asiiweke kwenye begi. Kwenye skrini ya uwanja wa ndege zinaonekana kama risasi.

Kama moyo wako bado unataka kujua iwapo kuna njia halali, swali hilo lipeleke kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kwa maandishi, kabla ya senti yoyote kutoka mfukoni, na usubiri jibu la maandishi. Usilipokee kwa mdomo kutoka kwa mwenzako wa uwanja wa shabaha, hata awe amemiliki bastola miaka ishirini. Mpaka barua hiyo ikufikie, nunua risasi zako kwa muuzaji mwenye leseni, zihesabiwe kwenye cheti chako kama kawaida. Na ukinunua, zile za kiwandani nazo zipime kidogo: risasi uliyoipakia na kuitoa chembani kila asubuhi kwa wiki kadhaa inaweza kuwa na kichwa kilichozama, kwa njia ileile tuliyoieleza hapa. Isimamishe kando ya mpya kutoka kwenye boksi moja, zote mbili mezani. Ukiona imefupika, usiipakie tena. Ipeleke kwa muuzaji au kwa ofisa wa silaha akuongoze namna ya kuiondoa.